Dawa ya saratani ya matiti "iliyofichwa"

Wiki iliyopita mama mmoja ninayemtibu tangu mwaka jana alikataa fulana ya matembezi ya hisani. "Daktari, utafiti gani tena? Dawa wanayo, wameificha. Hiyo michango inaliwa tu." Alikuwa ametoka chumba cha dripu muda huo huo, kuwekewa dozi yake ya trastuzumabu, dawa ya aina moja ya saratani ya matiti. Maneno hayo nayasikia kila Oktoba, mwezi wa kampeni ya pinki ya saratani ya matiti, na safari hii nimechoka kuyajibu kwa mgonjwa mmoja mmoja.

"Dawa ipo, imefichwa."

Dawa ipi? Saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Kuna inayokua kwa kulishwa na homoni, kuna yenye HER2, protini inayoichochea seli ikue, nyingi kupita kiasi, kuna isiyo na hata kimoja cha vipokezi vitatu tunavyopima kwenye seli: vya estrojeni, vya projesteroni na HER2. Inayozuilika kwa tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, haiitikii trastuzumabu isipokuwa iwe na HER2 pia. Anayesubiri kidonge kimoja cha wote anasubiri kitu ambacho ugonjwa wenyewe haukiruhusu.

Sasa sikilizeni ilikotoka dawa ya yule mama. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alionyesha kwamba wanawake wenye HER2 nyingi walikuwa wanapata saratani kali zaidi na kufa mapema. Kampuni ya dawa iliyokuwa na teknolojia ya kutengeneza dawa ya kuizuia HER2 ilisitasita. Aliyehangaika kutafuta fedha ni Lilly Tartikoff, ambaye mumewe alikuwa ametibiwa na Slamon. Aliibana kampuni ya vipodozi ya Revlon hadi ikatoa dola milioni 2.4, kisha mwaka 1990 akaandaa hafla kubwa ya kuchangisha huko Hollywood. Hela za watu waliokuja kula na kucheza muziki ziliibeba maabara ya Slamon. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha trastuzumabu, na mwaka 2005 majaribio makubwa yakaonyesha kwamba ikianza mapema, pamoja na kemo, inapunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu. Saratani iliyokuwa inatutia hofu kuliko nyingi ikapata dawa.

Na utafiti si dawa tu. Zamani mwanamke aliondolewa titi lote pamoja na misuli ya kifua. Jaribio la Bernard Fisher, lililoanza mwaka 1976, lilithibitisha kwamba kwa uvimbe wa mapema, kutoa uvimbe peke yake na kufuatisha mionzi kunampa mgonjwa uhai ule ule. Waliwafuatilia wanawake hao miaka 20! Kazi ya namna hiyo haiendi bila fedha.

Kama mna hasira, na mimi ninayo, tuielekeze kwenye bei. Trastuzumabu iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, lakini wagonjwa wengi wa kwetu bado hawaifikii. Hapo hakuna siri yoyote, ni gharama, na gharama inapiganiwa waziwazi.

Ombi langu, ambalo wauguzi wangu wamelichoka: ukikatwa kipande cha uvimbe kwa ajili ya vipimo, dai majibu ya vipokezi vyote vitatu, yatoe kopi, uyaweke nyumbani. Nikipokea mgonjwa wa rufaa asiye na karatasi hiyo, tunaanza upya huku ugonjwa ukisonga mbele.

"Kila hela ya pinki ni ya utafiti."

Hapana. Mbio za saratani za Rotary nchini Uganda, zilizoanza mwaka 2012, zimechangia ujenzi wa kituo cha saratani katika hospitali ya Nsambya. Ni kazi njema, lakini ni matibabu. Nyingine ni za uchunguzi au nauli za wagonjwa. Muulize mwandaaji kabla hujatuma M-Pesa. Asiyeweza kukujibu kwa sentensi moja, usimpe.

"Utafiti ni wa Wazungu."

Utafiti wa saratani ya matiti uitwao ABC-DO uliwafuatilia kwa simu wagonjwa wanawake zaidi ya 2,000 wa Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini. Ulikadiria kwamba takriban theluthi moja ya vifo vingeweza kuzuiwa kwa kugundua ugonjwa mapema na kutibu vizuri zaidi. Hao ni dada zetu na mama zetu.

"Ukiingia kwenye utafiti unafanywa panya."

Hapa Tanzania utafiti wa tiba lazima upate kibali cha maadili, unasaini ridhaa baada ya kuelezwa, na unajitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Soma fomu. Kama huielewi, isirudishe mpaka mtu akueleze.

"Nimeshatembea, nimeshamaliza."

Hili linaniuma. Nimewahi kumpokea dada aliyetembea kilomita zote tano, fulana ya pinki mwilini, na uvimbe aliouficha miezi minane. Hema la uchunguzi lilikuwa pale pale uwanjani, na alilipita mara mbili. Mwaka huu nimewaomba waandaaji walihamishie mwishoni mwa njia, pale pale yanapogawiwa maji.