Je, wajua kwa nini Uingereza iliwakabidhi wakulima na majangili vita vyake vya siri?

Tarehe 14 Mei 1940, Waziri wa Vita wa Uingereza, Anthony Eden, alitangaza redioni kwamba wanaume wasiokuwa jeshini wajiandikishe kuwa mgambo wa kulinda vijiji na miji yao. Majuma machache baadaye jeshi la Waingereza liliokolewa kwa meli kutoka Dunkirk, bandari ya Ufaransa, huku zana zake nzito zikibaki nyuma, kisha Ufaransa ikaanguka, na wengi wakaamini kwamba Wajerumani wangevuka bahari wakati wowote. Habari za mgambo hao zinajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba miongoni mwa waliovaa sare ile walikuwamo watu wapatao 3,500 ambao kazi yao haikuwa kumzuia adui asiingie, bali kujificha ardhini mpaka awapite, kisha watoke usiku kumshambulia kwa nyuma.

Vikosi hivyo viliitwa Auxiliary Units, yaani vikosi saidizi, jina lililopoa kiasi kwamba hakuna ambaye angelisikia akataka kuuliza zaidi. Aliyepewa kazi ya kuviunda ni Kanali Colin Gubbins, ofisa aliyewahi kuwakabili wapiganaji wa msituni huko Ireland na kuandika vijitabu vya kijeshi kuhusu vita vya namna hiyo. Angeweza kuomba askari waliofuzu, na kwa hakika maofisa wachache wa jeshi walitumika kufunza na kuratibu. Lakini kwa kazi yenyewe alitaka wenyeji: wakulima, vibarua wa mashamba, wachimba madini, walinzi wa wanyama katika mashamba ya matajiri, na hata majangili ambao walinzi hao walikuwa wakiwawinda kila usiku. Jangili anayeweza kuvuka shamba la watu gizani bila kukanyaga kijiti kikavu amekwisha kujifunza nusu ya kazi kabla hajaandikishwa.

Ujuzi wa ardhi ulikuwa sababu mojawapo tu. Sababu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi, ni kwamba mkulima hahitaji kisingizio. Askari mgeni anayezurura msituni alfajiri atazua maswali, ilhali mkulima akionekana mahali hapo na matope magotini watu watadhani ametafuta ng'ombe aliyepotea. Zaidi ya hayo, wakulima na wachimba madini walikuwa katika kazi ambazo serikali ilizihesabu kuwa za lazima, kwa hiyo kubaki kwao kijijini wakati vijana wengine wakienda vitani kulikuwa na maelezo tayari. Maelezo hayo hayakumridhisha kila mtu, na wapo walionyoshewa vidole kuwa ni waoga, wakanyamaza kwa sababu walikuwa wametia sahihi kiapo cha siri za serikali. Mke alijua tu kwamba mumewe ana zamu ya mgambo usiku.

Mafunzo yalitolewa katika jumba la kale la Coleshill, karibu na mji mdogo wa Highworth, lakini aliyeitwa hakuambiwa aende huko. Aliagizwa afike posta ya Highworth, ambako mkuu wa posta, mama aliyeitwa Mabel Stranks, alimhakiki, akapiga simu, kisha akamwambia asubiri gari. Kitabu cha mafunzo nacho kilivishwa jalada la kalenda ya kawaida. Toleo moja lilijifanya shajara ya mtu wa shamba lenye tangazo la mbolea ya Highworth, likisifu kwamba hufanya kazi yake bila kuonekana hadi uone matokeo. Aliyebuni tangazo hilo bila shaka alicheka peke yake.

Kila kundi lilikuwa na watu wanne hadi wanane na handaki lake. Mahandaki mengi yalijengwa na wahandisi wa jeshi kwa mabati mazito yaliyopindwa kama pipa lililolazwa, yakafukiwa msituni, yakawekewa vitanda, hewa, chakula cha majuma mawili hivi na njia ya dharura ya kutorokea. Mlango ulikuwa kifuniko kilichopandwa majani juu yake. Katika handaki moja, aliyetaka kuingia alitumbukiza gololi katika kitundu kilichofanana na cha panya, ikabingirika ndani ya bomba mpaka ikagonga kopo chini, ndipo wenzake wakamfungulia. Humo zilihifadhiwa bastola, visu, vilipuzi na vifyatuzi vyenye umbo la penseli: ukikibonyeza kifyatuzi, kichupa cha ndani hupasuka, dawa yake huanza kula waya taratibu, na waya ukikatika mlipuko hutokea, wakati mtegaji amekwisha kufika mbali. Shabaha zilikuwa maghala ya mafuta na risasi, reli na magari ya adui. Waliohusika walielewa kwamba, uvamizi ukitokea, wangetarajiwa kuishi muda usiozidi sana majuma mawili; chakula kilichowekwa handakini kilipimwa kwa hesabu hiyohiyo.

Uvamizi haukutokea. Vikosi vilivunjwa Novemba 1944, watu wakapewa beji ndogo yenye umbo la ngao na namba 201, 202 na 203, yaani namba za batalioni zao, ambayo haikumweleza lolote mtu asiyeijua. Wengi walirudi kukamua ng'ombe na wakafa bila kusema neno. Wapo watoto waliosikia habari za baba yao kwa mara ya kwanza baada ya mazishi. Jumba la Coleshill liliteketea kwa moto mwaka 1952. Ilifika Novemba 2013 ndipo wazee wachache waliosalia walipopita kwa gwaride mbele ya mnara wa mashujaa jijini London kwa jina la vikosi vyao, miaka 69 baada ya kuambiwa waende nyumbani.