Bosi wa Mafia akikamatwa, genge lake linakuwaje?

Bosi wa Mafia akitiwa pingu, cheo chake hakiwi wazi. Kwa taratibu za Cosa Nostra, yaani Mafia ya Sicilia, mkuu aliyefungwa anabaki kuwa mkuu mpaka afe au wenzake wamvue. Kinachobadilika ni nani atakalia kiti kwa niaba yake, na atakuwa na uhuru kiasi gani. Picha ya mzee akishushwa kwenye gari la polisi haiwezi kukuambia kama genge limekwisha. Ukitaka kujua hilo, mtazame kaimu wake, tazama njia za kupitishia amri, tazama mfuko wa kuwatunza wafungwa, kisha subiri uone ni nani kati ya watu wake ataamua kusema.

Tuanze na muundo, maana bila huo mengine hayaeleweki. Ngazi ya chini kabisa ni mwanachama aliyekula kiapo. Wanachama kama kumi huwa chini ya msimamizi mmoja, na makundi hayo yakikusanywa ndiyo familia, inayoshika mtaa au kijiji fulani. Familia hapa si lazima iwe ya damu. Familia jirani, kwa kawaida tatu, huunda wilaya inayoitwa mandamento, yenye mkuu wake. Wakuu wa wilaya ndio wanaoketi kwenye Tume ya mkoa, ambayo magazeti ya Italia huiita Cupola. Kumuua hakimu, kumuua mwanachama mwenye cheo au kuamua mgogoro wa mipaka kati ya wilaya na wilaya ni mambo ya Tume. Mahakama zilipata picha kamili ya ngazi hizi mwaka 1984, Tommaso Buscetta, mwanachama aliyegeuka shahidi, alipoanza kumweleza hakimu Giovanni Falcone, na maelezo yake yakawa nguzo ya kesi kubwa ya Palermo iliyofunguliwa Februari 1986.

Mwenye duka Palermo anayetozwa hela ya ulinzi hamlipi mkuu wa Tume. Anamlipa kijana wa familia ya mtaani kwake. Mkuu akikamatwa Jumatatu, kijana yule atapita tena wakati wa malipo ukifika, kwa sababu kazi yake haikuwahi kutegemea amri ya kila siku kutoka juu. Athari ya kwanza ya kukamatwa mkubwa haionekani mtaani. Inaonekana kwenye mambo yanayohitaji kibali: nani atapanda cheo, nani atapata zabuni, nani auawe au aachwe.

Saa za mwanzo ni za karatasi. Watu waliomhifadhi mkuu wanahama nyumba na kutupa simu, na kila mmoja anajaribu kukumbuka ni wapi aliwahi kuandika jina lake. Polisi wakichelewa, wanakuta ukuta mtupu. Salvatore Riina, mkuu wa Tume, alikamatwa Palermo tarehe 15 Januari 1993, baada ya kuishi mafichoni tangu 1969. Nyumba aliyokuwa akikaa na familia yake, barabara ya Bernini, haikupekuliwa mpaka tarehe 2 Februari. Siku hizo 18 zilitosha kwa watu wake kuingia na kuondoa kila kitu. Maofisa wawili walishtakiwa kwa ucheleweshaji huo na mahakama ikawaachia huru mwaka 2006, lakini nyaraka za Riina hazijapatikana hadi leo. Linganisha na Salvatore Lo Piccolo, bosi wa Palermo, aliyenaswa Giardinello, karibu na mji huo, tarehe 5 Novemba 2007 akiwa na mwanawe. Hapo polisi waliondoka na mfuko wa vikaratasi, hesabu za waliolipa hela ya ulinzi na kiasi walicholipa, pamoja na orodha ya masharti kumi ya mwanachama. Mmoja wa waliokamatwa naye siku ileile aligeuka shahidi wa serikali ndani ya miezi michache. Kwa genge, siku ile Giardinello ilikuwa hasara kubwa kuliko kumpoteza Lo Piccolo mwenyewe.

Karatasi zikishatulia, huja suala la kaimu. Mara nyingi mkuu aliyefungwa ndiye anayemtaja: ndugu, mtoto, mkwe au mtu aliyemwamini miaka mingi. Kaimu anakusanya hela, analinda mipaka, anasikiliza malalamiko. Udhaifu wake ni kwamba mamlaka anayotumia si yake. Mwanachama asiyeridhika anaweza kusema kwamba hatambui uamuzi huo mpaka asikie kutoka kwa mwenyewe. Jambo zito lazima lipelekwe gerezani na jibu lirudi, na hapo ndipo serikali ya Italia ilipoamua kuweka kizuizi.

Kizuizi hicho kinaitwa kifungu cha 41-bis cha sheria ya magereza. Kilipanuliwa kuwahusu wafungwa wa Mafia mwezi Juni 1992, wiki mbili baada ya Falcone, mkewe na walinzi watatu kuuawa kwa bomu la barabarani huko Capaci, karibu na Palermo, tarehe 23 Mei. Mfungwa aliye chini ya kifungu hiki hutembelewa na ndugu mara moja kwa mwezi, kwa saa moja, kioo kikiwa katikati na mazungumzo yakinaswa. Anatoka chumbani saa mbili kwa siku, na hukutana na wafungwa wenzake wasiozidi watatu. Barua zake husomwa. Amri ya kwanza ni ya miaka minne, kisha inaweza kuongezwa kila baada ya miaka miwili, na wakubwa hupelekwa mbali na kwao, Parma au L'Aquila, bara, mbali na kisiwa cha Sicilia. Kabla ya hapo gereza la Ucciardone la Palermo lilikuwa mahali ambapo bosi aliendesha shughuli zake bila wasiwasi mkubwa. Ukisoma kwamba bosi amefungwa, jambo la kuuliza mara moja ni kama amewekwa chini ya 41-bis au yuko gereza la kawaida. Tofauti ni kubwa mno.

Kisha hela, na hapa ndipo genge huumia kweli. Familia ya Mafia ina wajibu wa kuwatunza wafungwa wake. Mke wa aliyefungwa hupewa posho ya mwezi, na wakili hulipwa. Fedha hizo hutoka kwenye mfuko wa pamoja unaojazwa na hela ya ulinzi, ambayo maduka mengi hutozwa kwa mkupuo mkubwa wakati wa Krismasi na Pasaka. Sasa fikiria operesheni moja ikamate watu 40. Wakusanyaji wamepungua, wake wa kulipwa wameongezeka, na mawakili wanadai. Kaimu ana njia chache, na kila moja ina ubaya wake. Akipandisha kiwango cha hela ya ulinzi, wafanyabiashara wanakimbilia polisi. Akipunguza posho, mfungwa anapata habari kutoka kwa mkewe kwamba nyumbani hakuna kitu. Akirudi kwenye dawa za kulevya ili apate hela ya haraka, anajiingiza kwenye biashara yenye vifungo virefu na watu wengi wasio wanachama, ambao hawana kiapo cha kuwazuia kusema. Vinasa sauti vya polisi Palermo vimenasa mara nyingi malalamiko haya haya: fulani hajalipwa, fulani kalipwa nusu.

Mfungwa aliyetupwa ndiye anayegeuka. Sheria ya mwaka 1991 inampa anayeshirikiana na serikali ulinzi, makazi mapya na punguzo la kifungo. Tangu 2001 anapewa siku 180 za kueleza yote muhimu anayoyajua, pamoja na kutaja mali zake, ili asije akakumbuka mambo kidogo kidogo kwa faida yake. Riina mwenyewe alipatikana kwa msaada wa Baldassare Di Maggio, mwanachama aliyekuwa amekamatwa siku chache tu kabla. Giovanni Brusca, aliyebonyeza kitufe cha bomu la Capaci, alikamatwa Mei 1996, akaanza kusema, akaachiwa mwaka 2021 baada ya miaka 25. Kuachiwa kwake kuliwauma sana ndugu wa waliouawa, na ni haki yao kuumia. Lakini bila mapatano ya namna hiyo, kesi nyingi zisingesimama mahakamani.

Je, damu humwagika mkuu akiondoka? Inategemea nani amebaki. Baada ya Riina, waliobaki wakiwa na silaha na hasira walikuwa shemeji yake Leoluca Bagarella, ndugu wawili wa ukoo wa Graviano, Brusca na kijana wa Trapani, magharibi mwa Sicilia, Matteo Messina Denaro. Mwaka huohuo wa 1993 mabomu yaliua watu watano Firenze usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei na watano wengine Milano tarehe 27 Julai. Kukamatwa kwa bosi kuliongeza ukatili kabla ya kuupunguza. Ndugu wa Graviano walipokamatwa Januari 1994 na Bagarella Juni 1995, nafasi ikabaki kwa Bernardo Provenzano, mwenzake Riina wa siku nyingi, aliyetaka kitu kingine kabisa: kimya. Chini yake kanuni ilikuwa walipe wengi, kila mmoja kidogo, na hakimu asiguswe. Aliwasiliana kwa vikaratasi vilivyopigwa taipu, vikikunjwa vidogo na kupita mikono mingi, majina yakifichwa kwa namba. Njia hiyo ni salama dhidi ya vinasa sauti, ila ni ya polepole, na kila mpokeaji ni kiungo kinachoweza kufuatwa. Polisi walimfikia tarehe 11 Aprili 2006, kwenye kibanda cha shambani karibu na Corleone, kwa kufuatilia vifurushi vya nguo safi kutoka kwa mkewe. Alikuwa mafichoni tangu 1963.

Palermo ilikaribia vita baada ya hapo. Antonino Rotolo, mkuu wa wilaya mojawapo ya Palermo, akiwa kwenye kifungo cha nyumbani, alikuwa akikutana na wenzake kwenye banda la bati karibu na kwake, akiamini hakuna anayesikia. Polisi walikuwa wameshaweka vinasa sauti, wakamsikia akipanga kumuua Lo Piccolo. Wakaingia Juni 2006, wiki chache baada ya Provenzano kukamatwa, kabla risasi ya kwanza haijapigwa. Kumpiga mkuu peke yake huacha nafasi ya kugombaniwa. Waendesha mashtaka wa Palermo walipiga ngazi ya pili kabla haijajipanga, na hiyo ndiyo kazi iliyowaokoa watu wengi mwaka ule.

Hata hivyo Tume yenyewe ilibaki imefungwa kwa ufunguo alioushika Riina. Kwa kuwa alikuwa hai, hakuna aliyeweza kujitangaza mkuu badala yake. Jaribio la kuiunda upya lilizimwa tarehe 16 Desemba 2008, watu karibu 90 wakakamatwa. Riina alifariki akiwa kifungoni Parma tarehe 17 Novemba 2017. Tarehe 29 Mei 2018 wakuu wa wilaya wakakutana, na polisi wakasema ni mara ya kwanza kwa Tume kuketi tangu 1993. Tarehe 4 Desemba 2018 walikamatwa watu 46, akiwemo Settimino Mineo, sonara mwenye umri wa miaka 80, aliyetajwa kuwa ndiye mkuu mpya. Kwa karibu miaka 25 mfungwa mmoja aliizuia Cosa Nostra kuwa na kichwa kwa sababu tu alikuwa bado anapumua. Haikufa, ila ilishindwa kuamua mambo makubwa.

Usichukue mfano huu ukaupachika kila mahali. Camorra ya Napoli haina Tume. Kila ukoo unajitegemea, kwa hiyo pengo la mkuu huleta vita upesi. Paolo Di Lauro, mkuu wa ukoo mmojawapo, alipokwenda mafichoni mwaka 2002 na wanawe kuanza kuwaondoa wasimamizi wa zamani, kitongoji cha Scampia kililipuka mwishoni mwa 2004 na makumi ya watu wakauawa. 'Ndrangheta ya Calabria ni kinyume chake: vikundi vyake vimejengwa juu ya damu na ndoa, mtoto au mpwa anarithi, na wanaogeuka mashahidi ni wachache kwa sababu kusema ni kumshtaki baba yako. Huko New York, John Gotti, bosi wa familia ya Gambino, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1992 kwa ushahidi wa msaidizi wake Salvatore Gravano, akabaki na cheo mpaka alipofariki Juni 2002, mwanawe kisha nduguye wakikaimu. Familia hiyo ilidhoofika sana miaka hiyo.

Kuhusu Messina Denaro, aliyekamatwa tarehe 16 Januari 2023 kwenye kliniki ya Palermo alikokuwa akitibiwa saratani kwa jina la mtu mwingine, vyombo vingi vya habari vilimwita mkuu wa Cosa Nostra yote. Hakuwa. Alikuwa mkuu wa mkoa wa Trapani mwenye heshima kubwa nje ya mkoa wake. Alifariki tarehe 25 Septemba mwaka huohuo bila kugeuka shahidi. Waliotikisika ni waliomhifadhi Campobello di Mazara na matajiri wa Trapani waliomshikia mali, na huko kukamata watu kuliendelea kwa miezi. Wilaya za Palermo hazikusimama hata siku moja. Tarehe 11 Februari 2025 polisi walikamata watu karibu 180 mjini humo, na upelelezi ukaonyesha wakuu walikuwa wakikutana kwa simu za siri zilizofumbwa mawasiliano, nyingine zikiwa zimeingizwa magerezani kwa wafungwa wasio chini ya 41-bis.