Wameungana, lakini kwenye karatasi ya kura picha ni mbili

Juzi nilikuwa Kibirizi, hapa Kigoma, kwenye vichanja vya dagaa. Mama mmoja anayenifahamu tangu nilipokuwa nafundisha uraia akaniita: "Mwalimu, hebu njoo. Hawa wa vyama wanaosema wataungana, siku ya kura tutaona picha moja au mbili?" Sheria za uchaguzi ndiyo kazi yangu. Semina nimekaa nyingi, na sijasikia suala la muungano likiulizwa vizuri kuliko hivyo.

Nikamjibu: mbili, mpaka mmoja akubali kukaa chini. Kwetu mgombea ubunge husimama na chama kimoja na nembo moja. Ibara ya 67 ya Katiba inataka awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa na chama. Mgombea binafsi hatuna, hata baada ya Mchungaji Christopher Mtikila kushinda kesi yake kwenye Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2013. Kwa hiyo vyama vikitangaza muungano, huku jimboni tafsiri yake ni kuachiana. Mmoja anasimama, wengine wanampisha.

Kumpisha mwenzako kuna gharama, nayo jukwaani huwa haitajwi. Ni viti maalum, vile vya wabunge wanawake.

Ibara ya 78 inasema viti hivyo vinagawanywa kwa uwiano wa kura, kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za uchaguzi wa wabunge. Kinachohesabiwa ni kura za ubunge za nchi nzima. Idadi ya majimbo uliyoshinda haikusaidii hapo, wala kura za urais. Chama kikimwachia mwenzake jimbo, wanachama wake wanapigia nembo ya mwenzake, na kura hizo zinaingia kwenye fungu la mwenzake. Ukiachia majimbo mengi, unaweza kushuka chini ya ile asilimia 5 huku umeshangilia "ushindi wa pamoja". Ndiyo maana mgombea urais wa pamoja anaweza kupatikana, lakini ugawaji wa majimbo ukakesha. Na wanaoumia mapema ni wanawake wa chama kidogo, walewale wanaozunguka nyumba kwa nyumba kuomba kura.

Mkoa wetu una mfano unaotosha darasa zima. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilipata wabunge wanne wa majimbo, na wote walitoka Kigoma: David Kafulila (Kigoma Kusini), Moses Machali (Kasulu Mjini), Agripina Buyogera (Kasulu Vijijini) na Felix Mkosamali (Muhambwe). Wanne! Lakini viti maalum haikupata hata kimoja, kwa kuwa kura zake kitaifa hazikufika kiwango.

Ikaja UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani uliozaliwa mwaka 2014 ndani ya Bunge Maalum la Katiba: CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD. Mwaka 2015 wakakubaliana Edward Lowassa awe mgombea urais wao kwa nembo ya CHADEMA, naye akapata karibu asilimia 40 ya kura. Kitaifa, upinzani ulikuwa haujawahi kupata kura za urais kiasi hicho. Huku kwetu mambo yakaenda kinyume. Yale majimbo manne yote yalirudi CCM, na NCCR ikabaki na mbunge mmoja wa jimbo, James Mbatia wa Vunjo. Mbunge pekee wa upinzani aliyepita mkoani chini ya mwavuli wa UKAWA alikuwa marehemu Kasuku Bilago wa CHADEMA, jimbo la Buyungu. Kigoma Mjini alishinda Zitto Kabwe kwa ACT-Wazalendo, chama kilichokuwa nje ya muungano. Machali naye alikuwa ameshahamia ACT, akashindwa Kasulu Mjini.

Wako wanaosema UKAWA iliiua NCCR Kigoma. Mimi naona hilo ni kurahisisha. Watu wa mkoa huu hupigia mtu kwanza, nembo baadaye. Ndivyo ilivyokuwa hata mwaka 1995 Dk. Aman Kabourou alipoingia bungeni kwa CHADEMA, chama ambacho wakati huo hakikuwa na jina kubwa. Muungano uligawa majimbo kwa vyama, lakini huku mtaji ni watu, na baadhi ya watu walikuwa wameshatawanyika.

Kuhama ni jambo jingine kabisa. Machi 2019 Maalim Seif Sharif Hamad, kinara wa upinzani Zanzibar, alipotoka CUF kwenda ACT-Wazalendo kwa kaulimbiu ya "shusha tanga, pandisha tanga", wafuasi wake wengi walihama na kura zao. Hapakuwa na jimbo la kugawana. Mwaka 2020 CHADEMA na ACT waliishia kwenye "ushirikiano" tu: viongozi wa ACT wakampigia debe Tundu Lissu, mgombea urais wa CHADEMA, huku Bernard Membe, mgombea urais wa chama chao, akiwa bado kwenye karatasi. Mama wa Kibirizi angesema: picha mbili. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwa kwenye karatasi kabisa, baada ya kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi.

Hayo yote nilimweleza, ingawa kwa ufupi kuliko hapa, maana alikuwa anageuza dagaa na wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Kongo. Nikamwongezea la mawakala: chama kisicho na mgombea jimboni hakina wakala wa ubunge kituoni, kwa hiyo vijana wa chama kilichompisha mwenzake hubaki nje, wakisubiri matokeo yabandikwe ukutani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kuhusu karatasi ya tatu, ile ya udiwani: "Na hawa wawili wa kata yetu, waliogombana tangu msiba wa mwaka juzi, nani atakwenda kumwambia mmoja akae?"