Flavonoidi hubaki chunguni

Wakati wa UVIKO-19 shangazi yangu wa Tanga alikuwa akipiga nyungu kila jioni. Siku moja akanipigia simu. "Marahaba, mwanangu. Nimechemsha mchaichai, mkaratusi, majani ya mpera na maganda ya malimau, nikajifunika blanketi mpaka jasho likanichuruzika. Sasa niambie wewe uliyesomea, dawa imeingia?"

Kazi yangu ni kemia ya dawa za mimea, na swali lile lilinifikirisha kuliko mengi ninayoulizwa kazini. Kinachopanda na mvuke ni mafuta mepesi, yale yenye harufu ya mkaratusi na mchaichai. Hayo hukufanya uhisi pua imefunguka kwa muda, nawe ukapata ahueni. Flavonoidi, kundi la kemikali za asili zilizomo kwenye mimea mingi, hazipandi. Maji yakichemka hata saa nzima, zenyewe hazigeuki mvuke. Kwesetini ya majani ya mpera na hesperidini ya maganda ya limau, ambazo zote ni flavonoidi, hubaki chini, kwenye maji ya kahawia ambayo shangazi alikuwa akiyamwaga. (Na tafadhali, mtoto asiwekwe chini ya blanketi na chungu cha moto. Maji yale yakimwagika huunguza vibaya.)

Je, angeyanywa? Hapo ndipo ugumu unapoanza.

Kwenye maabara flavonoidi zinavutia sana. Kwesetini imeonekana kuzuia kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) ambacho kirusi cha korona hukitumia kukatakata protini zake ili kizaliane. Lakini molekuli hizi zina tabia ya kukusanyika na kuwa mabonge madogo yasiyoonekana, kimeng'enya chochote kikanasa humo na kuonekana kimezimwa. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Tulikuwa na kimiminika cha majani kilichozima kimeng'enya kabisa, tukafurahi. Tukaongeza sabuni kidogo ya maabara, ile ya kuvunja mabonge, na kimeng'enya kikarudi kazini kana kwamba hatukuweka kitu. Tangu siku hiyo, nikisoma kwamba mmea fulani "unaua virusi", jambo la kwanza ninalotafuta ni kama kipimo cha sabuni kilifanyika.

Halafu kuna utumbo na ini. Ukila kitunguu, kwesetini inayofyonzwa hubadilishwa karibu yote kabla ya kuenea mwilini. Baada ya mlo wenye vitunguu vingi, kiasi kinachopatikana kwenye damu huwa maikromola chache tu au pungufu (maikromola ni kipimo cha wingi wa kemikali ndani ya kimiminika), wakati majaribio mengi ya maabara hutumia makumi ya maikromola.

Kwa hiyo mimi sizitazami flavonoidi kama risasi ya kupigia virusi. Tumaini langu liko kwingine. Katika mafua makali na UVIKO-19, mapafu huumizwa pia na kinga ya mwili yenyewe inapopandwa na hasira. Mwaka 2020 deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza kinga, ilionekana kupunguza vifo vya wagonjwa waliohitaji oksijeni. Flavonoidi nazo hutuliza njia kadhaa za hasira hiyo, ingawa kwa nguvu ndogo sana. Huko kutuliza ndiko ningependa tukupime ipasavyo, kwa mgonjwa anayeendelea na matibabu yake ya kawaida.

Kwa binadamu, majibu bado hayalingani. Mwaka 2007 yalichapishwa majaribio ya Marekani kwa waendesha baiskeli 40 waliofanyishwa mazoezi makali. Kati ya 20 waliomeza miligramu 1,000 za kwesetini kwa siku, aliyeugua mafua alikuwa 1. Kati ya 20 waliomeza vidonge visivyo na dawa, waliugua 9. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilisisimka. Miaka mitatu baadaye yakachapishwa majaribio ya watu 1,002 wa kawaida, kwa wiki 12, na kwa ujumla tofauti haikuonekana. Nafuu ilijitokeza tu kwa wenye umri wa miaka 40 na zaidi waliojiona wako fiti, tena kwa dozi kubwa. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kufanya majaribio zaidi. Si ruhusa ya kuuza chupa zilizoandikwa "tiba".

Shangazi nilimwambia aendelee na kachumbari. Kitunguu chekundu kina kwesetini nyingi, na nyingi zaidi iko kwenye tabaka za nje, basi amenye lile ganda kavu tu. Akikichemsha, asimwage mchuzi, maana sehemu ya kwesetini huhamia humo. Vidonge vya kwesetini asinunue bila kumuuliza mfamasia, kwa sababu anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda na vitu hivi viwili vinaweza kugongana.

Na binti yake nikamwomba ahesabu pumzi za mama yake akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Zikifika 30, au midomo ikianza kuwa ya bluu, wasiwashe jiko. Waite gari.