Gradienti ya CSS: picha isiyo na faili

Simama Capri Point, Mwanza, jioni jua likizama, utazame ng'ambo ya ghuba upande wa Kamanga. Juu buluu iliyokolea, katikati zambarau, chini chungwa. Huwezi kunyoosha kidole ukasema buluu imeishia hapa. Rangi zikiyeyukiana hivyo kwenye mandharinyuma ya ukurasa wa wavuti, ndiyo gradienti.

Shika neno moja: gradienti ni picha. Tunaiandika kwa namba za rangi, ndiyo maana inatudanganya, lakini kwa CSS, lugha inayoupa ukurasa sura yake, ni picha ambayo kivinjari kinaichora chenyewe. Kwa hiyo inakaa kwenye background-image, sifa ya picha ya mandharinyuma. Mimi mara ya kwanza niliiweka kwenye background-color, ambayo ni ya rangi tupu, ukurasa ukabaki mweupe, nikaulaumu mtandao. Kivinjari hakigombi, kikikuta kisichohusika kinakiruka kimya kimya.

Jioni ile inaandikwa hivi:

background-image: linear-gradient(#1b2a49, #8a4f7d 55%, #f28c28);

Alama 65 tu, na hakuna faili la kupakua, kwa hiyo bando la msomaji linapona. Usipotaja uelekeo, rangi hushuka kutoka juu. Ukitanguliza 90deg ndani ya mabano, zinatoka kushoto kwenda kulia. Ile 55% ni pale zambarau inapokolea: isogeze, na machweo yatawahi au kuchelewa. Rangi mbili zinazofuatana zikipewa asilimia ileile, mpito unafutika, unabaki mstari mkali. Ipo pia radial-gradient, inayotanuka kutoka katikati kama mwanga wa karabai ya wavuvi wa dagaa.

Sasa, picha ya mandharinyuma hujirudia, na hii pia. Ukiiweka kwenye body, yaani kiwiliwili kinachobeba yaliyomo yote, ya ukurasa wenye maneno machache, chungwa linaishia nusu ya skrini, halafu buluu inaanza tena chini yake: machweo mawili kwa siku moja! Ipe body min-height: 100vh, yaani isipungue urefu wa skrini nzima, yatabaki moja.

Uhondo wenyewe uko kwenye kuzipanga picha kwa tabaka. Chukua ukurasa wa muuza sato wa soko la Mwaloni, Kirumba. Kaweka picha ya samaki mezani, na jina la biashara kwa herufi nyeupe sehemu ya chini. Magamba yanametameta, herufi zinamezwa. Tandika giza jepesi juu ya picha:

background-image: linear-gradient(#00000000, #000000cc), url(sato.jpg);

Kinachotangulia kuandikwa ndicho kinachokaa juu. Namba ya kwanza ni weusi usioonekana kabisa, ya pili ni weusi unaobakiza upenyo kidogo, basi kivuli kinakolea kadiri kinavyoshuka. Jina linasomeka, sato bado anavutia. Kwangu hii inayashinda machweo yote. Muuzaji akitaka jina lihamie juu, badilishana tu nafasi za zile namba mbili.