Vidole Mbele ya Jua: Serotonini na Kifafa cha Mwanga

"Dokta, mwanangu hajarogwa kweli?" Mama huyo alitoka Ujiji na kijana wake wa miaka tisa. Kila jioni, jua likielekea Kongo na ziwa likimetameta, mtoto husimama ufukweni, hutanua vidole na kuvipepea upesi mbele ya macho. Kope zinaanza kucheza, macho yanapanda juu, alichoshika kinamponyoka. Akizinduka, anarudia. Nilimuuliza kwa nini. "Nasikia raha," alisema.

Hakurogwa, na viboko alivyochapwa nyumbani vimeniuma. Hiki ni kifafa kinachoamshwa na mwanga. Vidole vinalikatakata jua, na mwanga unaowaka na kuzima mara 15 hadi 25 kwa sekunde ndio mbaya zaidi. Hata jua linalopenya kati ya michikichi ukiwa kwenye bodaboda linaweza kutosha. Seli za ubongo za kisogoni, zinazopokea picha kutoka machoni, zinaitikia zote kwa pamoja, na fujo hiyo inasambaa.

Ubongo una breki zake. Serotonini, kemikali ambayo ubongo huitengeneza kwenye shina lake, ni mojawapo ya vitu vinavyosaidia kuzikaza. Jambo hili tulifundishwa na nyani. Si hawa wetu wa Gombe, ni binamu zao wa Casamance, kusini mwa Senegali, ambao mwaka 1966 watafiti waligundua kuwa wengi wao hushikwa na kifafa wakimulikwa taa ya kumetameta. Walipopewa malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa serotonini, mwanga uleule ukapoteza nguvu juu yao.

Kisha, mwaka 1985, madaktari wa Ufaransa Aicardi na Gastaut wakaeleza jinsi walivyowatibu watoto wenye tabia kama ya kijana wangu kwa fenfluramini, dawa ya kupunguza unene ambayo hufanya seli ziachie serotonini. Mwaka 1997 ikaondolewa sokoni kwa kuharibu vali za moyo. Lakini mwaka 2020 Marekani iliiruhusu tena, kwa dozi ndogo na moyo ukipimwa mara kwa mara, kwa watoto wenye Dravet, kifafa kikali kinachoanza utotoni. Dawa iliyofukuzwa kurudi kuokoa watoto! Kila nikilifikiria hilo napata moyo wa kuendelea na kazi hii.

Ila msikimbilie duka la dawa kuulizia vidonge vya serotonini. Serotonini ikimezwa haivuki kuingia kwenye ubongo, na dawa zinazoipandisha zinahitaji daktari.

Kijana nimemwanzishia valproeti, dawa ya kifafa. Angekuwa binti anayekaribia kuvunja ungo ningefikiria dawa nyingine, kwa sababu valproeti hudhuru mimba. Nimemfundisha pia kwamba mwanga ukimchezea, afunike jicho moja kwa kiganja. Kufumba yote mawili hakutoshi, kwa sababu mwanga hupenya kope. Mama aliijaribu palepale mbele ya dirisha langu, kiganja juu ya jicho la kushoto, na mtoto akamrekebisha: "Bonyeza kabisa, mama, kusiwe na upenyo."