Taarifa binafsi: maana yake, na kwa nini si jina jingine la siri

Mwombe mtu mzima anayeanza kozi ya mtandaoni ya ulinzi wa data akutajie mfano wa taarifa binafsi. Atataja neno la siri la simu, namba ya kadi ya benki, pengine ugonjwa anaoutibia kimya kimya. Sasa muulize kama jina lake nalo ni taarifa binafsi. Hapo atasita. Jina lake linajulikana na kila mtu, limo kwenye orodha ya mahudhurio, huitwa kwa sauti. Ubinafsi wake uko wapi? Kusita huko ndiko mlango wa somo zima. Mwalimu anayeruka kusita huko ili awahi vifungu vya sheria atarudishwa pale pale kila wiki, kwa maswali yale yale.

Maana yenyewe ni fupi. Taarifa binafsi ni taarifa yoyote inayomhusu mtu anayetambulika, au anayeweza kutambulika. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya (GDPR) iliyoanza kutumika Mei 2018, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zinatofautiana kwa mengi, lakini katika kiini hiki zimekaribiana sana. Hazisemi kwamba taarifa lazima iwe imefichwa, wala iwe ya aibu, wala hata iwe sahihi. Maoni ya mtu mwingine juu yako yaliyoandikwa kwenye faili ni taarifa yako binafsi. Tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa na karani nayo ni yako, na ndiyo maana una haki ya kudai irekebishwe.

Sehemu ya tatizo imo ndani ya maneno tuliyochagua. Tunasema shule binafsi, gari binafsi, maisha binafsi, na mara zote tunafikiria kitu kilichotengwa na umma, chenye uzio. Mwanafunzi anakuja darasani na uzio huo kichwani. Katika dhana hii, lakini, binafsi inabidi isikike kwa mizizi yake, yaani inayohusu nafsi fulani, hata kama imebandikwa ukutani. Neno taarifa nalo lina kazi nyingi: kuna taarifa ya habari, taarifa ya mwaka, taarifa kwa umma. Ukiyaunganisha bila maelezo, mtu anapata picha ya ripoti ya faragha iliyofungiwa kabatini. Wanaosema data ya kibinafsi wanaepuka nusu tu ya mtego huu. Ila takwimu lisitumike kabisa hapa, ingawa bado naliona kwenye tafsiri za kozi. Takwimu inahesabu wengi mpaka mmoja haonekani, na taarifa binafsi inafanya kinyume chake: inamwonyesha huyo mmoja.

Kinachohitaji muda zaidi darasani ni maneno mawili ya mwisho ya maana ile, anayeweza kutambulika. Watu wengi huamini kwamba ukifuta jina umemaliza kazi. Mwaka 2006 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilitoa hadharani maneno yaliyotafutwa na watumiaji wake wapatao 650,000, utafutaji takriban milioni 20, kwa nia njema ya kusaidia watafiti. Majina yalikuwa yameondolewa na kila mtu amepewa namba. Siku chache baadaye waandishi wa habari walimfikia mmoja wao nyumbani kwake, kwa kusoma tu alichokuwa akikitafuta: mji, ukoo, mahangaiko ya afya. Kabla ya hapo, mwaka 2000, mtafiti Latanya Sweeney alikuwa amekadiria kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutofautishwa mmoja mmoja kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta wa tarakimu 5. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mtu angekiita siri.

Hapa kozi ya mtandaoni ina bahati ambayo darasa la ana kwa ana halina, kwa sababu yenyewe ni mfano hai. Tangu mwanafunzi ajisajili, mfumo unaandika saa aliyoingia, anwani ya intaneti ya kifaa chake, dakika alizotazama video, mahali alipoisimamisha, mara alizojaribu zoezi akashindwa. Tuseme darasa lina watu 30 na ripoti inasema, bila jina, kwamba mwanafunzi mmoja hufanya mazoezi yote kati ya saa nane na saa kumi usiku. Wenzake kwenye kundi wanajua nani ana kazi ya zamu. Ametambulika. Mfano huu unafundisha zaidi ya slaidi kumi za ufafanuzi.

Majibu ya mtihani je? Swali hili liliwahi kufika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Mtahiniwa mmoja nchini Ireland aliyefeli mtihani wa uhasibu aliomba kupewa karatasi yake, akajibiwa kwamba karatasi ya mtihani si taarifa binafsi. Desemba 2017 mahakama ikasema ni taarifa binafsi: majibu yanaonyesha ujuzi wa mtahiniwa na namna anavyofikiri, na maoni ya msahihishaji yaliyoandikwa pembeni nayo yanamhusu mtahiniwa huyo. Maswali ya mtihani yenyewe hayamo. Na haki ya kurekebisha taarifa haimaanishi kurudi kusahihisha jibu ulilokosea. Wanafunzi huicheka sehemu hii, kisha hawaisahau tena.

Baada ya hapo ndipo maneno jirani yanapopata nafasi yake. Siri ni kitu ulichoamua kisijulikane. Faragha ni pana zaidi: ni nafasi ya mtu kuishi bila kuchunguzwa, na imo kwenye katiba kadhaa, ikiwemo ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya na ibara ya 16 ya ile ya Tanzania. Usalama wa data ni kazi ya mafundi na taratibu, yaani maneno ya siri, kufuli, nakala za akiba. Ulinzi wa data ni jambo jingine tena, na kwa bahati mbaya neno ulinzi linatuletea mlinzi wa getini na tochi yake. Ofisi inaweza kuwa na kufuli imara kuliko zote na bado ikavunja sheria, kwa sababu ilikusanya taarifa isizozihitaji, au ilizitumia kwa jambo ambalo mwenyewe hakuambiwa. Kinacholindwa ni mtu. Jina kamili la kanuni ile ya Ulaya linataja kwanza ulinzi wa watu, halafu ndipo linakuja kwenye uchakataji wa data zao.

Uchakataji, basi. Neno hili lilikuwepo kabla ya kompyuta, na bado tunasema viwanda vya kuchakata mazao, kwa hiyo mwanafunzi anafikiria mashine inayobadilisha kitu kuwa kitu kingine. Kisheria ni pana kuliko hivyo: kukusanya, kupanga, kuhifadhi, kusoma, kumpelekea mwingine, hata kufuta. Anayesema mimi nimeziweka tu, sijazifanyia chochote, tayari amechakata.

Kisha kuna wahusika watatu, na hapa nina ugomvi mdogo na istilahi zetu. Mtu ambaye taarifa ni zake huitwa mhusika wa taarifa, na hilo halina shida. Anayechakata kwa niaba ya mwingine ni mchakataji, nalo ni sawa. Anayeamua taarifa zikusanywe kwa lengo gani na kwa njia gani, Tanzania inamwita mkusanyaji, na Kenya wengi husema mdhibiti wa data. Mkusanyaji ni neno jepesi mdomoni lakini linapotosha, maana anayekusanya kwa mkono wake mara nyingi siye anayeamua. Chukua taasisi inayoendesha kozi kwa kutumia jukwaa la kampuni nyingine. Fomu ya usajili, video na alama vyote vimo kwenye kompyuta za kampuni hiyo. Lakini aliyeamua kwamba wanafunzi waulizwe umri na kazi zao ni taasisi, hivyo taasisi ndiyo mkusanyaji, na kampuni ni mchakataji wake. Siku kampuni itakapoanza kuzitumia taarifa hizo kwa matangazo yake yenyewe, itakuwa imevaa kofia ya pili na wajibu wake wote. Darasani mimi hupendelea mdhibiti, halafu nawaambia watakutana na mkusanyaji kwenye nyaraka za Tanzania na wasishtuke.

Ridhaa ni neno ambalo kwalo Kiswahili kimetusaidia. Ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka, kibali hutolewa na ofisi, lakini ridhaa inatoka kwenye kuridhia, na mtu hawezi kuridhia jambo asilolielewa wala alilobanwa alikubali. Hivyo ndivyo sheria inavyotaka: iwe huru, mahususi, yenye ufahamu, na iwe rahisi kuiondoa kama ilivyokuwa rahisi kuitoa. Kisanduku ambacho tayari kimewekewa alama ya kukubali, ukabaki wewe kuiondoa, hakihesabiki. Mahakama ile ile ya Ulaya ilisema hivyo Oktoba 2019. Hata hivyo wanafunzi wakishaipenda ridhaa huanza kuidai kila mahali. Kanuni ya Ulaya ina misingi 6 ya kuchakata kihalali, na ridhaa ni mmoja tu. Mwajiri anayepeleka makato ya kodi ya mfanyakazi hahitaji kumwomba ridhaa, kwa kuwa sheria imemwagiza. Na ridhaa inayoombwa na bosi kwa mtu anayeogopa kupoteza kazi, uhuru wake una mashaka.

Taarifa nyeti ni kundi linalopewa ulinzi wa ziada: afya, imani, asili ya mtu, alama za mwili kama za vidole, na kadhalika. Orodha hutofautiana. Kenya imeingiza hali ya ndoa, mali, na majina ya watoto, wazazi na mwenzi wa ndoa, mambo ambayo hayamo kwenye orodha ya Ulaya. Anayefundisha kundi lenye watu wa nchi nyingi asitoe orodha moja kama msahafu.

Uvujaji ni neno jingine la kuangalia. Linafaa taarifa zinapotoka nje, lakini ukiukwaji wa ulinzi unahusu pia taarifa zilizopotea au kuharibika bila kuonwa na mtu. Simu ya kazini iliyotumbukia majini ikiwa na nakala pekee ya orodha ya wanafunzi haijavujisha chochote, na bado ni tukio la kuangaliwa. Ulaya na Kenya zote zinataja saa 72 za kuiarifu mamlaka pale tukio linapofikia kiwango cha kutolewa taarifa.

Kuhusu kufundisha maneno haya, nimeacha kuanza na faharasa. Mtu mzima akipewa jedwali la istilahi 20 usiku baada ya kazi atalinakili vizuri na asubuhi halimo. Anachokumbuka ni neno lililokuja kulipa jina jambo ambalo tayari limemsumbua. Mwache kwanza agombane na mfano wa mwanafunzi wa saa nane usiku, aseme kwa maneno yake kwamba jina halipo lakini mtu anajulikana, halafu mpe anayeweza kutambulika. Ukimpa neno kabla ya ugomvi, umempa kopo tupu.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni la kuomba nakala. Kila mwanafunzi anauandikia uongozi wa kozi anayosoma, akiomba taarifa zake zote zinazohifadhiwa. Faili likija, anakaa nalo na kuweka alama: hii nilitoa mwenyewe, hii mfumo uliiandika bila kuniuliza, hii aliiandika mwalimu juu yangu. Kundi la pili ndilo huwashangaza, kwa wingi wake. Kisha wanafika kwenye kazi za kikundi, na mabishano yanaanza upya. Mwenzako ameandika kwamba hukuchangia chochote kwenye zoezi la tatu. Maoni hayo yanakuhusu wewe, kwa hiyo ni taarifa yako. Lakini pia yanaonyesha yeye alisema nini na lini, kwa hiyo ni yake vilevile. Haki yako ya kupata nakala haifuti haki zake, na huenda ukayapokea maoni hayo yakiwa na mstari mweusi juu ya jina lake, katika darasa la watu 30, mahali ambapo kila mtu anajua nani alikuwa kundi gani.